Taa ya Midomo Miwili

Juzi stima ilipotea mtaani kwetu, na jirani yangu, msichana wa juzijuzi tu ambaye sikumdhania kuwa na kitu kama hicho, akawasha koroboi. Harufu ikapita chini ya mlango wangu: mafuta ya taa, moshi, na utambi wa pamba unaoungua pole pole. Mimi na umri wangu huu, na presha yangu, na wajukuu wangu, nikakaa kwenye kiti nikitabasamu peke yangu. Stima iliporudi nilikasirika.

Ninyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Koroboi ni ile taa ya bati la mkebe, haina kioo, haina heshima, ina utambi na moshi wake basi. Tulisoma nayo, tukala nayo, na asubuhi tukapenga makamasi meusi kama wachoma makaa. Lakini mimi koroboi ilinipa kitu zaidi. Ilinipa kazi ya kwanza ya mikono yangu, tena ikanipa hofu ambayo sijapata nyingine kama hiyo tangu wakati huo.

Kwetu ni Malaba, mpakani, nyuma kidogo ya barabara iendayo Amagoro. Miaka ile ng'ambo kulikuwa na shida ya sabuni na chumvi, na mtu akivuka mpaka na mche wa sabuni alipokelewa kama bwana arusi. Malori yalipanga foleni mpaka karibu na shamba letu, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wakisonga ugali chini ya trela, na sisi watoto tukijua kila lori kwa honi yake. Mmoja wa matanboi hao alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake baba yangu. Alikuwa akienda ng'ambo anakaa huko hata tunasahau anavyocheka, halafu siku moja tunamwona anaruka kutoka kwenye lori na mkungu wa matoke begani.

Mkewe, Mama Mdogo, alikuwa Mteso wa Chakol. Sisi ni Wasamia, asili yetu kule chini karibu na Sigalame, kwa hiyo nyumbani kwetu lugha zilikuwa zimechanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri, na Kiswahili ndicho kilichotupatanisha. Mama Mdogo alikuwa mrefu, mcheshi, na wakati huo mimba yake ilikuwa kubwa hata akikaa hawezi kuinuka bila kumshika mtu. Mtu huyo nilikuwa mimi. Watu wazima wengine wote kazi yao ilikuwa kunituma. Yeye peke yake ndiye aliyeongea na mimi.

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, na kidirisha kimoja cha kupitisha kichwa cha mbuzi. Hata mchana ndani kulikuwa giza. Siku moja akaniambia kwamba zamani, alipokwenda Tororo kumsalimia shangazi yake, aliona nyumba moja ina taa ya bati lililotobolewa, na mwanga wake ukajaza maua ukuta mzima, na hakuna aliyeyachora. Aliniambia hivyo akitazama ukuta wake mtupu. Nikamwambia nitamtengenezea. Nilikuwa darasa la tatu na sijawahi kutengeneza hata fagio. Mama Mdogo hakucheka. Akasema, "Basi nitangoja."

Hilo neno lilinimaliza. Mtu mzima anangoja kitu kutoka kwangu!

Nikaenda kwa Mzee Ekisa. Huyo alikuwa fundi wa koroboi, akikaa nyuma ya soko na jiko lake la makaa, mkasi wa bati, na chuma cha kulehemu kilicholala ndani ya moto siku nzima. Alinunua mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia kutoka kwa watoto, akaikata na kuikunja, akaichomelea mdomo wa kupitisha utambi. Koroboi zake zilifanana zote kama mayai ya kuku mmoja. Nikamweleza ninachotaka. Akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, miguu ikiwa michafu, akasema katika Kiswahili chake cha sokoni, "Wewe mtoto, bati haina haraka. Kama iko na haraka, enda nyumbani." Nikakaa chini. Kwa kuwa ilikuwa likizo, nilikaa mpaka akachoka kunifukuza.

Alinionyesha kwamba mkebe mtupu ukiupiga msumari unabonyea, ni lazima kwanza ujazwe kitu kigumu. Yeye alitumia udongo wa kichuguu: unauponda, unauloweka, unaushindilia ndani ya mkebe, unauacha ukauke, ndipo unatoboa. Ukimaliza unaloweka tena na udongo unatoka. Sasa, kichuguu cha karibu kwetu kilikuwa na siafu, na mimi siafu sikuwa na urafiki nao. Nikajiambia kwamba kitu kikavu na kigumu hata jikoni kipo. Nikajaza mkebe wangu ugali wa jana.

Msinicheke. Ugali ulikauka vizuri sana. Nilitoboa matundu yangu ya kwanza nikajiona fundi kamili, nikauweka mkebe nje ya jikoni, nikalala. Asubuhi mkebe haukuwepo. Mbwa wa jirani alikuwa ameupeleka barabarani ili aule kwa nafasi, na lori moja likaupitia juu. Nilipomletea Mzee Ekisa kile kilichobaki, chapati ya bati, alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha moto. Halafu akaninyooshea jembe nikachimbe kichuguu. Siafu walinipata, nikalia, nikachimba.

Nilichora maua kwa mkaa kuzunguka mkebe, kama Mama Mdogo alivyosema. Lakini msumari wangu ulikuwa umepinda na mkono wangu ulikuwa wa mtoto. Kila nilipopiga nyundo, msumari ulitoboa tundu halafu ukateleza pembeni, ukaacha mpasuko mwembamba, mara kushoto, mara kulia. Maua yakaharibika moja baada ya jingine. Nilikuwa karibu kuutupa mkebe pale Mzee Ekisa alipouchukua, akauzungusha, akasema hayo si maua, ni kumbikumbi. Nikatazama. Kweli: tundu ndilo mwili, mipasuko ndiyo mabawa. Kumbikumbi wale wanaotoka ardhini mvua ikinyesha, tunawakimbiza na beseni. Nikamwambia ndiyo, ni kumbikumbi, hata mwanzo nilikuwa nimekusudia kumbikumbi.

Kuanzia hapo nilifanya kazi kwa raha ambayo hata leo sijui niielezeje. Niliuacha msumari uteleze upendavyo. Jua lilinichoma mgongo, harufu ya tindikali ya kulehemu ilinikereketa koo, vidole vilijaa mikwaruzo, na sikusikia njaa. Nilipoosha udongo na kuweka koroboi ndani, Mzee Ekisa akanifunika na gunia pamoja na taa yangu ili nione. Gunia lote lilijaa kumbikumbi wa dhahabu, wanaruka. Nilikaa ndani ya gunia mpaka akasema nitaungua.

Siku hiyo hiyo nilipofika nyumbani nikakuta wanawake wamejaa. Mama Mdogo alikuwa amejifungua. Si mmoja, wawili. Wa kwanza mvulana, akaitwa Opiyo, wa pili msichana, akaitwa Adongo, maana Wateso na Wasamia kwa majina ya mapacha hatugombani. Wafanyabiashara wa ng'ambo waliopita njiani walisimama wakamwita Mama Mdogo Nalongo, jina la heshima la mama wa mapacha. Kila mtu alikuwa anakimbia. Mimi nikapita katikati yao na taa yangu iliyofunikwa kitenge, kifua mbele, moja kwa moja mpaka mlangoni.

Mlangoni alisimama Kukhu, nyanya yangu mzaa baba. Akafunua kitenge. Akaitazama taa kwa muda, na niliona imempendeza, kisha akaangalia nyuma yangu.

"Iko wapi nyingine?"

"Nyingine gani, Kukhu?"

Akafunika taa yangu tena, akanishika bega, akanirudisha uani. Kwa mapacha, akaniambia, hakuna kitu kinachoingia peke yake. Ukileta kuku, lete wawili. Ukileta kanga, mbili, tena zifanane. Ukimsalimia mmoja, msalimie mwenzake. Hakunigombeza, alinieleza tu kama mtu anayemweleza mtoto asicheze na kisima. Taa ile isingeingia mpaka ipate mwenzake.

Hapo ningemaliza kwa huzuni kidogo tu, kama isingekuwa kaka yangu Wandera. Wandera alikuwa na jibu la kila kitu. Nilipomuuliza mtu akileta kimoja kwa mapacha inakuwaje, alijibu huku akitafuna muwa kwamba yule aliyenyimwa anakasirika, anarudi alikotoka.

Nikapiga hesabu yangu. Taa ni moja. Opiyo ndiye mkubwa, kwa hiyo taa ni ya Opiyo. Aliyenyimwa ni Adongo. Na taa haikuingia ndani, ni kweli, lakini nilikuwa nimeifikisha mlangoni, na mtoto mchanga ana masikio. Sasa sikilizeni: jioni hiyo wanawake walianza kuongea kwa sauti ya chini. Adongo alikuwa mdogo sana. Opiyo alinyonya kama ndama, lakini Adongo aliwekwa kwenye titi akalala. Walikuwa wanamkamulia maziwa kwenye kikombe na kumdondoshea kwa kijiko.

Mimi nilijua kwa nini, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Niliogopa. Sikukaribia nyumba ile. Nikitumwa kupeleka maji, niliyaacha kizingitini nikakimbia. Niliona kwamba Adongo akifungua macho akaniona, atanikumbuka, na atakwenda. Dawa ilikuwa moja: nitengeneze taa ya pili inayofanana na ya kwanza, upesi.

Jamani, jaribuni ninyi kurudia kosa lenu lile lile. Nilichimba kichuguu bila kuwajali siafu. Nilitumia msumari ule ule uliopinda. Lakini sasa nilipotaka uteleze kushoto ulitulia, nilipotaka utulie uliteleza. Kumbikumbi wa taa ya pili walitoka kama mende. Wa taa nyingine wakatoka kama si wadudu kabisa. Kukhu alizitazama zote, akaziweka kando ya ile ya kwanza, akasema hiyo ni taa na binamu zake. Akanishauri niache, nitafute mayai mawili, mayai yanatosha. Mzee Ekisa naye, alipoona ninalia juu ya bati, akasema yeye atatengeneza mbili zilizofanana kabla chai haijapoa. Nikakataa. Mama Mdogo hakuwa anangoja mayai, wala hakuwa anangoja taa ya Mzee Ekisa. Mzee hakukasirika. Alisema basi nikae na ubishi wangu, akaendelea kulehemu.

Wakati huo siku ya kufungua mlango ilikuwa inakaribia. Mama wa mapacha kwetu hatoki nje mpaka watu wa kwao waje wamfungulie, na watu wa Chakol walikuwa wametuma habari kwamba wako tayari, wanamngoja tu Baba Mdogo avuke. Nilikuwa nasikiliza kila honi ya lori na kuomba isiwe ya lori lake.

Mchana mmoja nilipeleka maji, na mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Niliona ndani kabla sijakimbia. Mama Mdogo alikuwa amelala chali, macho yamefumba, na watoto wote wawili juu ya kifua chake, mmoja huku, mwingine huku, nguo moja imewafunika. Nilisimama hapo na ndoo yangu. Watoto ni wawili, lakini mama ni mmoja, na hakuna mtu aliyemwambia Kukhu atafute mama mwingine anayefanana na huyo.

Nilimwaga nusu ya maji nikikimbia sokoni. Nikamwambia Mzee Ekisa nataka koroboi pana yenye midomo miwili, ikae ndani ya mkebe wangu wa kumbikumbi, kila mdomo na utambi wake, mafuta yale yale. Akasema koroboi ya hivyo hajawahi kuona. Nikamwambia hata mimi. Akatafuta mkebe mpana wa samaki, akaniachia nikate mwenyewe, yeye akashika chuma kwa sababu ya moto. Ya kwanza ilivuja. Tukairudia. Nilipowasha, mwali mmoja ulisimama vizuri, na wa pili ukawa mdogo, unatetemeka. Nikakata utambi, nikavuta, nikasukuma. Ulibaki mdogo. Mzee Ekisa akasema moto ni moto, niende.

Baba Mdogo alivuka, na watu wa Chakol wakaja. Ninyi mliozaliwa pande zile mnajua kelele ya siku hiyo. Walikuja mchana jua kali, wanaimba njia nzima, wamejipaka unga usoni, wanatupaka na sisi, wanatutukana. Ndiyo desturi, kwenye mapacha matusi ni baraka. Walisema Wasamia miguu yetu ni ya korongo na uji wetu ni maji ya kuoshea sufuria. Kukhu wangu, mwanamke wa kanisa, aliwajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilikuwa nacheka huku nimeikumbatia taa yangu.

Mlango ulipofunguliwa wakaanza kuingiza zawadi, mbili mbili. Ikafika zamu yangu. Kukhu akafunua kitenge, akaona mkebe mmoja, akafungua mdomo kukataa, halafu akachungulia ndani akaona midomo miwili. Akasema ni taa moja. Nyanya wa Chakol, mama yake Mama Mdogo, ambaye sisi pia tulimwita Tata kama walivyomwita wajukuu wake wa Kiteso, akachungulia akasema ni mbili. Kukhu akasema mkebe ni mmoja. Tata akasema mioto ni miwili, au Msamia hajui kuhesabu? Watu wakasogea. Mabibi wawili wenye unga usoni wakashika viuno, kila mmoja upande wake wa taa, na hakuna aliyekubali kushindwa na mkwe. Kukhu akanigeukia mimi mwenye mali, aniulize ni ngapi.

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Watoto ni wawili, Kukhu. Lakini hata Mama Mdogo ni mmoja."

Tata akapiga makofi. Kukhu akanitazama, akaitazama taa, akatazama mlango wa nyumba. Kisha akajitoa njiani.

Ndani kulikuwa giza kama siku zote. Nikaiweka taa juu ya kigoda, Baba Mdogo akawasha tambi zote mbili, na ukuta wa Mama Mdogo ukajaa kumbikumbi. Walipanda mpaka darini. Watu waliokuwa wanatukanana wakainua vichwa kutazama. Mama Mdogo, amekaa kitandani na vitoto vyake, aligeuza kichwa taratibu kufuata ukuta wote, na nilimwona machozi yanamlenga. Nilifurahi nikasahau kila kitu.

Halafu ule mwali mdogo ukazimika.

Nusu ya wadudu wakapotea ukutani. Kukhu alishika kifua. Mimi niliona kwamba sasa ndiyo imekwisha, nimemuua mtoto wa Mama Mdogo mbele ya watu wa kwao, nikaanza kulia kwa sauti, nikisema ni mimi, ni mimi nilileta moja, Adongo amekasirika.

Mama Mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Akachomoa kijiti kwenye fagio lililokuwa kando ya kitanda, akakiingiza juu ya mkebe, akakiwasha kwenye mwali mkubwa, akawashia ule mdogo. Kumbikumbi wakarudi.

"Ni upepo," akasema. "Mlango mmeacha wazi. Na huyu alikuwa mdogo tangu tumboni, hajakasirika na mtu. Nani alikuambia maneno hayo?"

Sikumtaja Wandera, lakini Wandera mwenyewe aliondoka.

Tata akanikalisha chini kwenye mkeka. Akaniwekea Opiyo mkono wa kulia. Nikasema wa pili hapana, nitamwangusha, ni mwepesi mno, ataniponyoka. Sikuwa nimemkaribia tangu azaliwe. Tata akamwinua Adongo. Nikajiandaa kupokea kitu kisicho na uzito, kama kitambaa, na Adongo alipotua, mkono wangu wa kushoto ukashuka mpaka chini kwa uzito wake.